Jagi Lenye Majani ya Ndimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja glasi mbili kabla jua halijapanda. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka shule ya masista, ninajua kusoma, kuandika na kushona, lakini glasi yenye shingo sikuwa nimeishika hata siku moja. Kwetu Wamaza, kijijini, tulikunywa kwa kikombe cha bati ao kwa kata. Glasi ya wazungu iko na shingo nyembamba kama ya ndege. Ukiikamata kama kikombe, shingo inakatika. Papa Kitenge, mupishi mukubwa wa nyumba ya wageni pale Kasongo, aliangalia vipande chini, kisha akaniangalia miye.

—Masista walikufundisha kuomba?

—Ndiyo, papa.

—Basi omba. Madamu anakuja.

Ninaandika haya kwa mabinti wanaomaliza shule sasa, wale wanaosimama mbele ya mulango wangu kuniuliza kazi ya vinywaji iko namna gani. Najua, kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi na medali kifuani. Miye niko na miaka makumi mbili na tano, watoto wawili, na medali sina. Lakini kazi nimeiacha na siirudii, basi niko na haki ya kuisema. Na nitaisema yote, hata pale inaponichoma.

Madamu wa nyumba ya wageni alikuwa mujane, anatembea na funguo kiunoni, unamusikia kabla haujamuona. Siku ile hakunifukuza. Alinishika mikono, akaigeuza, akasema kwa Kiswahili chake: «Boyi yote mikono inanuka kitunguu. Wewe iko na mikono muzuri. Wewe shika glasi, lakini pole pole.» Hivyo njo nilivyoingia katika kazi ya vinywaji. Si kwa akili yangu. Kwa sababu sikunuka kitunguu.

Kinywaji kilichotakiwa sana wakati wa kiangazi, pale vumbi linapokaa hewani na jua linakuwa jekundu kama kaa la moto, wazungu walikiita kwa jina refu. Jikoni sisi tulikiita maji yanayochemka baridi. Nitakieleza vizuri, maana nimesikia watu wanakitengeneza ovyo na kutaja jina langu.

Kwanza siro, yaani sukari iliyoyeyuka. Kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, na ganda la ndimu lililomenywa jembamba. Ule weupe ulio chini ya ganda usiuingize, ni muchungu, unaharibu yote. Povu la kwanza likipanda, ondoa motoni. Ukiacha ichemke sana inakuwa gundi. Halafu matunda. Machungwa yetu ya Kasongo hukaa kijani hata yakiiva, kwa hiyo usiyachague kwa macho, yachague kwa uzito mukononi. Ndimu uzisukume juu ya meza na kiganja mupaka zilegee. Unapokamua, usikamue mupaka mwisho. Tone la mwisho ni la uchungu. Juisi tuliipitisha katika kipande cha chandarua cha zamani kilichochemshwa.

Kisha maji. Yachemshwe, yapite katika chujio la udongo, yalale ndani ya frigo tangu jana. Frigo zetu zilikuwa za petroli, yaani mafuta ya taa, na taa ndogo chini. Moto ukiwa wa bluu, kuna baridi. Ukiwa wa manjano, kuna moshi tu na matusi. Maji yakiwa baridi kabisa unayatia ndani ya sifoni, ile chupa nene yenye mukono wa chuma, halafu unafunga kartushi, risasi ndogo ya gazi. Unazungusha, inalia shiii, unatikisa. Maji ya vuguvugu hayashiki gazi. Ukiyalazimisha yanakutemea usoni.

Mwisho kuchanganya: siro, ndimu, chungwa, barafu, na maji ya sifoni unayateremsha pole pole kwenye ukuta wa jagi. Kijiko kinaingia mara moja tu, kinainua kutoka chini, kinatoka. Ukikoroga kama ugali, gazi yote imekwenda. Kujua kama imetosha, tupa mbegu moja ya ndimu. Inazama, mapovu yanaishika, yanaipandisha, inazama tena. Mbegu ikilala chini, mwaga, anza upya.

Jagi la wazungu liliingizwa jini, ile pombe yao kali, kwa kipimo cha chuma. Wakati ule sheria ilitukataza sisi watu weusi pombe ya namna ile, na Madamu alichora alama ya kalamu kwenye chupa kila asubuhi. Kwa hiyo nilitengeneza kinywaji kile cha jini miaka na miaka bila kukionja. Nilikinusa. Papa Kitenge alisema: «Ulimi wetu uko gerezani, binti, lakini pua hawajaikamata bado.»

Yeye njo alinifundisha jambo la majani. Kasongo iko na Waislamu wengi, familia za waungwana waliokaa hapa tangu wakati wa babu zao, wafanya biashara wa nguo, chumvi na samaki. Siku za karamu wazungu waliwaalika, na wao walikuja kwa heshima, kanzu nyeupe, kofia, harufu ya udi. Wakakunywa maji yanayochemka baridi kama wengine, lakini bila pombe. Majagi mawili, rangi ni moja, mapovu ni yale yale. Utayatenga namna gani? Papa Kitenge alifunga kitawi cha ndimu chenye majani matatu kwenye mudomo wa jagi lisilo na pombe. Lile lingine aliliacha tupu. Hakuna mutu aliyeandika sheria ile. Lakini waungwana wote waliijua. Kila muzee aliangalia kwanza jagi, akaona majani, njo akanyosha mukono. Kama hakuna majani, mukono ulibaki juu ya goti. «Kuosha glasi utajifunza wewe mwenyewe,» aliniambia Papa Kitenge. «Hili la majani ni amana. Unalibeba kama yai.»

Baada ya miaka miwili nilitumwa Kabambare, kwa Bwana wa barabara, yule aliyesimamia madaraja na mifereji ya teritware, ile wilaya yote. Hakuwa na muke. Alikuwa na mbwa wawili na frigo moja iliyotoa moshi mweusi kuliko treni. Wiki tatu hatukupata petroli. Nilizika mitungi katika muchanga wa maji nyuma ya nyumba, nikafunika na gunia lililolowa, alfajiri maji yalikuwa baridi ya kutosha kushika gazi. Bwana alikunywa, akaweka glasi chini, akasema: «Bernadeta, mimi iko na diploma mbili, na frigo inanishinda. Wewe iko na gunia.» Alicheka peke yake muda murefu. Alikuwa mutu muzuri, sitamusema vibaya. Alikunywa mengi, lakini hakunipigia kelele hata mara moja.

Kule Kabambare nilioana na Alfonsi. Alipata kazi kwenye kivuko cha muto Lualaba, upande wa Nyangwe, basi tukarudi Kasongo. Bwana wa barabara aliniandikia barua ya kazi, na kwa barua ile nikapokelewa na Bwana jeran, musimamizi wa magazini moja, duka kubwa la biashara. Tulipewa nyumba katika kambi ya wafanya kazi: vyumba viwili, mabati juu, simenti chini. Ng'ambo ya barabara ya kambi alikaa Mama Zena, muke wa kiungwana, muuza samaki. Siku niliyozaa Yuliana, Alfonsi alikuwa kivukoni. Mama Zena njo alinishika mabega. Nilimuuma mukono, akasema: «Uma, uma, iko mukono mwingine.»

Nilirudi kazini mutoto akiwa na miezi mitatu. Muke wa Bwana jeran, nitamuita Madamu tu, alikuwa mugeni, hajamaliza mwaka katika inchi hii. Akasema: «Mutoto anabaki nyuma ya jiko. Wageni hawataki kuona mutoto.» Alinikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyejua sifoni. Na miye nilikubali kwa sababu ya yale mabati.

Sasa nafika penyewe.

Siku ya tatu baada ya Idi, Bwana jeran aliwaalika waungwana wanaonunua nguo kwake, pamoja na wazungu wa karibu. Mukubwa wao alikuwa Muzee Amrani, baba mudogo wa Mama Zena. Nilitengeneza majagi mawili ya kioo, mapya, yanafanana kama mapacha. Nilifunga majani matatu. Mbegu ilipanda na kushuka vizuri. Halafu Yuliana akalia, kile kilio cha njaa kinacholowesha blauzi ya mama papo hapo. Nikaenda nyuma, penye kuni, nikakaa, nikamunyonyesha.

Niliporudi majagi hayakuwa mezani, yamekwisha kupelekwa barzani. Kitawi changu kilikuwa ndani ya ndoo ya maganda. Madamu alikuwa anapangusa vidole.

—Majani iko na wadudu. Mimi natoa.

—Madamu, yale majani ni alama. Jagi moja iko na pombe.

—Alama gani? Jagi yote iko muzuri, yote safi.

Na akatoka kwenda barzani. Nilimufuata mupaka kwenye pazia. Hapo nikasimama. Mutoto alikuwa mukononi, blauzi haijafungwa vizuri, na nilikatazwa kupita lile pazia. Nilisimama muda wa kuvuta pumzi mbili. Pumzi mbili, si zaidi. Kupitia tundu nilimuona Muzee Amrani na glasi mbele yake, mukono juu ya goti.

—Madamu, alisema kwa upole, hii haina majani.

Madamu akacheka.

—Majani ni ya mbuzi, bwana! Kunywa.

Wazungu wakacheka pia. Muzee yule alikuwa mugeni katika nyumba ya mutu, mwenye nyumba amemupa kwa mukono wake na anamuangalia. Akainua glasi. Nikafungua pazia, nikasema «Muzee, apana!» lakini alikuwa amekwisha kujaza kinywa.

Alifunga macho. Akageuka pembeni, akatema ndani ya chungu cha maua, akapangusa midomo na kitambaa. Halafu aliweka glasi chini. Si mezani, chini kwenye simenti. Wa pili akaweka yake chini. Wa tatu. Wengine wakafuata. Mustari wa glasi kumi na moja ukabaki pale chini, mapovu yakipanda. Waungwana wakaaga kwa adabu, mumoja mumoja, wakavaa viatu, wakaenda.

Bwana jeran alikuwa mwekundu mupaka masikioni.

—Nani amefanya hivi?

—Ni Bernadeta, alisema Madamu. Alikuwa na mutoto, hakuangalia jagi.

Huo ulikuwa uwongo uliovaa nguo ya kweli. Kweli nilikuwa na mutoto. Kweli sikuwa pale. Nilifungua kinywa, Bwana akainua mukono.

—Kesho tunaenda wote wawili kwa Muzee. Utasema ulisahau majani.

—Sikusahau, Bwana. Niliyafunga. Yako ndani ya ndoo.

—Nimesikia. Madamu hawezi kwenda kuomba musamaha kwa kitu cha jikoni. Ukisema ni wewe, unabaki na kazi na nyumba. Husemi, kesho kutwa nyumba iko ya mutu mwingine.

Alfonsi alirudi kesho yake asubuhi, nikamuambia yote. Alimuangalia Yuliana, akaangalia mabati.

—Sema tu.

—Niseme uwongo?

—Na nyumba je? Utaifunga mugongoni pamoja na mutoto?

Nilimukasirikia siku nyingi.

Tulikwenda. Muzee Amrani alikuwa ameketi juu ya mukeka, amevaa kanzu ya kila siku. Nyuma ya mulango wa ndani niliona nguo za wanawake, na mukono mumoja wenye kovu dogo la meno. Mama Zena alikuwa pale, anasikiliza. Bwana jeran akakohoa. Nikapiga magoti.

—Muzee, miye njo nilisahau majani. Naomba musamaha.

Aliniangalia.

—Wewe ndiwe uliyefundishwa na Kitenge?

—Ndiyo, Muzee.

—Kitenge hakusahau hata mara moja.

Nikaangalia mukeka. Pale njo palikuwa na mulango wa kusema kweli, mabinti. Alinifungulia mulango kabisa, akangoja. Nilisikia Bwana anabadilisha mguu nyuma yangu. Nikanyamaza tu.

—Basi, alisema Muzee. Musamaha nimetoa. Lakini kitu cha mukono wako sikinywi tena, miye wala nyumba yangu. Si kwa hasira. Mutu aliyeumwa na nyoka huangalia anapokanyaga.

Bwana jeran alitoka pale akitabasamu. Wiki ile ile waungwana walirudi kununua nguo. Kwake mambo yakaisha.

Kwangu ndiyo yakaanza. Watoto wa Mama Zena walikuwa wakipita kwangu kila saa kunywa maji ya mutungi wangu. Wakaacha. Hawakukatazwa kwa kelele, niliwaona tu wanavuka, wanakwenda mbali mupaka bomba la sokoni, midomo imekauka. Mama Zena alinisalimu vizuri: «Umeamkaje, Mama Yuliana? Mutoto anaendelea?» Alinisalimu kama mutu anavyosalimu mugeni wa msikitini. Nilimupelekea machungwa, akayapokea kwa mikono miwili. Kesho yake niliyaona kwa mbuzi.

Nilifanya kazi mwaka mumoja na zaidi. Nilifunga majani, na hakuna muungwana aliyenyosha mukono. Walileta maji yao ndani ya chupa, wakayaweka chini ya kiti. Madamu aliona, akaniuliza: «Kwa nini hawa watu wanakuja na maji?» Nikamuambia: «Wanaogopa wadudu wa majani, Madamu.» Hakuelewa. Ni ile siku moja tu nilicheka katika mwaka ule.

Mimba ya pili ilipokuwa kubwa, nilimufundisha binti mwingine siro, frigo, sifoni na mbegu. Nilimufundisha majani nikimushika mukono. Kisha nikarudisha aproni. Alfonsi alikuwa amepewa kazi ya kudumu kivukoni, na tulijenga nyumba yetu ya udongo, upande ule ule wa Mama Zena. Mabati ya kambi nikayaacha. Siku ile ya kuacha kazi, kabla ya kuosha hata mikono, nilikwenda kwake. Alikuwa anageuza samaki juani.

—Mama Zena, majani niliyafunga. Madamu njo aliyatoa. Nilisema uwongo mbele ya baba yako mudogo.

Hakuacha kugeuza samaki.

—Nilijua.

—Ulijua?

—Nilikushika wakati unazaa, nisikujue? Sauti yako siku ile haikuwa yako. Na Muzee alijua vilevile. Alikungoja.

—Sasa kwa nini watoto wako hawakunywa kwangu?

Hapo akasimama, samaki mukononi.

—Ju ulikubali uwongo wao, Berna. Mutu wa kusahau atakumbuka kesho. Mutu wa kukubali, leo anakubali majani, kesho atakubali nini? Mutungi wako nitaufungua niuangalie kila siku?

—Nilikuwa na mutoto wa miezi ine. Wangetutoa nje!

—Najua. Na miye niko na watoto sita.

Nilirudi nyumbani nimekasirika mupaka meno yanauma. Niliwakasirikia wote: Madamu na vidole vyake, Bwana, Alfonsi, Muzee na ile kungoja kwake. Nilimukasirikia Mama Zena kwa sababu hakunitukana. Mutu akikutukana, unamurudishia, yanaisha.

Mabinti wananiuliza kama kazi ile ni nzuri. Ni nzuri. Utajifunza baridi na moto, utajua chungwa kwa uzito wake, mikono yako itakuwa na akili. Lakini wakubwa wote niliowatumikia waliniagiza nivumilie, hakuna hata mumoja aliyeniambia mahali pa kusimamisha uvumilivu. Miye nawaambia. Siku mutu anakuambia beba kosa lake ili ubaki na kazi, uliza kwanza nani atakunywa kutoka mukono wako kesho. Kisha uchague mwenyewe. Siwaambii mukatae. Miye sikukataa, na watoto wangu walilala pakavu. Sitawadanganya tena juu ya jambo hili, wala kwa upande huu wala kwa upande ule.

Juzi, saa ya jua kali, Mama Zena alikuwa anatoka Nyangwe kwa miguu, beseni la samaki juu ya kichwa, vumbi mupaka magotini. Nyumba yake ilikuwa hatua makumi mbili mbele. Akasimama kwangu. Aliteremusha beseni, akakaa juu ya jiwe la mulangoni, akapangusa uso na ncha ya kikwembe alichojifunga.

—Nipe maji, Mama Yuliana.

Nilichota kwenye mutungi mbele ya macho yake. Akakunywa bila kupumzika, akageuza kikombe chini, tone moja likaanguka katika vumbi. Akanirudishia. Nikamutwika beseni, akaenda.

Sijui kama amenisamehe. Alikuwa na kiu, na jua lilikuwa kali.